Kisima Kisichochotwa Maji

"Sasa mpini wa pampu mtauweka wapi?"

Bibi aliyeuliza alikuwa amesimama na ndoo mbili tupu kando ya mtambo wetu wa kuchimbia visima, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Nzega, mkoani Tabora. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, wakati visima vifupi vimebakiza tope na udongo wa lambo umepasuka kwa jua. Tulikuwa tumechimba mita 24 na maji tumeyapata. Badala ya pampu, alituona tukishusha bomba jembamba la PVC ambalo hata kopo la kuchotea haliingii, kisha tukalifunika kwa chuma na kutia kufuli. Nikamwambia, "Bibi, hiki ni cha kupimia tu." Akaangalia kufuli, akaangalia ndoo zake, akaenda zake bila neno.

Nilimwambia kweli, ila jibu lile halikumtosha, na halimtoshi mtu yeyote anayelima, kufuga au kunywa maji jirani na lundo la mabaki ya machimbo. Alistahili kuelezwa kwa nini mtu atoboe ardhi kwa gharama kubwa katika kijiji chenye kiu, halafu asimpe mtu hata tone. Haya ndiyo ningemwambia kama tungekaa chini ya mti tukazungumza.

Nianze na lundo lenyewe. Ardhi ya Nzega imechimbwa dhahabu kwa miaka mingi. Golden Pride pale Lusu, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi nchini, ulianza kuzalisha mwaka 1998 na ukafungwa miaka kama 15 baadaye. Mgodi wa ukubwa ule huwa na mpango wa kufungwa, na visima vya uchunguzi, vya kupimia maji kama hiki, huwa ndani ya mpango huo. Ninayoyasema hapa ni malundo mengine, yale yasiyo na mpango: mabaki ya wachimbaji wadogo kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, mahali mashine za karasha zilikosaga mawe, na vimitambo vya sayanaidi, ile dawa yenye sumu ya kuyeyushia dhahabu, ambavyo mwenyewe alishahama zamani. Nyasi zimeota juu yake, mbuzi wanapanda, watoto wanateleza. Kwa macho ni kilima tu.

Ndani ya kilima hicho mambo hutofautiana. Kuna mawe yaliyotolewa shimoni ili kuufikia mwamba wenye dhahabu, yakamwagwa hapo hapo. Mengi ya mawe hayo yana pairaiti, yale madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama shaba. Yakiwa chini, mbali na hewa, yametulia. Ukiyaanika juani na kuyanyeshea mvua, salfa yake hukutana na hewa na maji na kuzaa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha vyuma vingine vilivyomo kwenye jiwe. Mahali ambapo dhahabu imekaa pamoja na madini ya aseniki, ambayo ni sumu, hewa hiyo hiyo na maji hayo hayo huifungua aseniki nayo.

Kisha kuna marudio. Huu ndio mchanga uliokwisha kusagwa, ukaoshwa na kukamatishwa kwa zebaki. Zebaki mara nyingi hupata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo, ndiyo maana marudio huuzwa tena kwa mwenye mtambo wa sayanaidi ili akakamue iliyobaki. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui, na ni zito kuliko yote katika makala haya. Sayanaidi haichagui. Kama inavyoyeyusha dhahabu, inayeyusha na zebaki iliyobaki mchangani. Zebaki iliyokuwa matone mazito, yanayokaa mahali pake, sasa imeshikana na sayanaidi na inasafiri pamoja na maji kama chumvi. Lundo lililopitia zebaki peke yake ni hatari. Lililopitia zebaki kisha sayanaidi ni hatari inayotembea. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, ila mkataba hauwezi kuirudisha nyuma zebaki iliyomwagwa mwaka 1995.

Juani, sayanaidi huvunjika upesi. Watu wameshika hilo na hulitumia kujifariji: "Dawa ile imeshakufa, ni miaka sasa." Iliyo juu, pengine. Iliyozama chini, pasipo jua na penye hewa kidogo, huenda taratibu zaidi, na vyuma ilivyovifungua havifi kabisa.

Je, vitu hivyo vinafika kwenye maji ya watu? Kwa kutazama huwezi kujua, wala kwa kuonja. Inategemea kilicho chini ya miguu.

Sehemu kubwa ya Tabora imelalia granaiti kongwe. Ukichimba kutoka juu unakutana na udongo, mwekundu au mweusi wa mbuga, kisha mwamba uliooza, laini, ambao bado una sura ya jiwe lakini unavunjika mkononi. Chini yake kuna granaiti yenye nyufa, na chini zaidi granaiti nzima isiyopitisha kitu. Maji yetu yanaishi katika ule mwamba uliooza na katika nyufa. Mito ya chini ya ardhi ambayo watu huisimulia, kwa huku kwetu hakuna. Maji yanajipenyeza.

Na yanajipenyeza kwa mwendo usiolingana hata kidogo. Chukua mwamba uliooza wenye udongo mwingi, ambao kiwango chake cha kupitisha, si mwendo wenyewe wa maji, ni mita 0.1 kwa siku, ambamo usawa wa maji unashuka mita 1 kwa kila mita 100, na nafasi zinazopitisha maji ni asilimia 10 ya mwamba wote. Zidisha 0.1 kwa 0.01, gawanya kwa 0.1: maji yanakwenda sentimita 1 kwa siku, chini ya mita 4 kwa mwaka. Kisima cha kijiji kilicho mita 200 kutoka kwenye lundo kitafikiwa baada ya zaidi ya miaka 50. Sasa weka ufa katika granaiti hiyo hiyo: kiwango chake cha kupitisha ni mita 1 kwa siku, na nafasi zake ni asilimia 1 tu. Mteremko ni ule ule. Maji yanakwenda mita 1 kwa siku, na kisima kile kinafikiwa kabla mwaka haujaisha.

Ndiyo maana simwelewi mtu anayesema, "Lundo hili ni la zamani, kama lingekuwa na madhara tungeshayaona." Huenda yalishapita. Huenda yako njiani, yamebakiza mita 30. Uzee wa lundo peke yake hauthibitishi usalama wa maji.

Kwa hiyo tunatoboa. Swali la kwanza ni wapi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Nimewahi kuonyeshwa kisima kimoja kilichochimbwa chini kidogo ya lundo, kikapimwa mara moja, kikakutwa safi, na karatasi ikawekwa kwenye faili kuwa eneo ni salama. Kisima kimoja hakina la kusema. Hujui kama maji yanayotoka chini ya lundo yanapita hapo au yanapita mita 80 upande wa pili.

Unahitaji angalau visima vitatu, visivyo kwenye mstari mmoja, na kimoja kiwe upande maji yanakotoka, kabla hayajapita chini ya lundo. Hicho cha juu ndicho shahidi wa maji yalivyokuwa kabla ya kuguswa. Vingine viwe upande maji yanakoelekea. Lakini utajuaje yanakoelekea wakati hujachimba? Unakisia kwa mteremko wa ardhi, kwa miti inayobaki kijani kiangazi, kwa kina cha visima vya watu, kisha unaacha visima vyenyewe vikusahihishe.

Nitoe mfano wenye tarakimu, maana ukishauona huusahau. Tumeweka visima A, B na C kulizunguka lundo. Mpimaji amepima urefu wa mdomo wa kila bomba kutoka alama moja: A ni mita 100.00, B ni 99.60, C ni 98.10. Ardhi inashuka kuelekea C, na kila mtu kijijini atakuapia kwamba maji yanakwenda huko, kwa sababu maji ya mvua yanakwenda huko. Sasa tunashusha tepu ya kupimia, ile yenye kengele inayolia ncha inapogusa maji. Kwa A inalia kwenye mita 8.40. Kwa B, mita 9.20. Kwa C, 6.90. Toa kina kutoka urefu wa mdomo: maji ya A yako 91.60, ya B yako 90.40, ya C yako 91.20. Ya chini kabisa ni ya B, si ya C. Juu ya ardhi maji ya mvua yanakimbilia C, lakini chini yake maji ya ardhini yanaelekea upande wa B, pengine yakivutwa na ufa mpana katika granaiti au na pampu ya mtu inayofanya kazi usiku na mchana.

Ukitaka mwelekeo wenyewe, chora A na B kwenye karatasi ya mraba. Kati yao maji yanashuka mita 1.20, kwa hiyo kiwango cha 91.20 kiko theluthi moja ya njia kutoka A. Unganisha nukta hiyo na C kwa mstari. Huo ni mstari wa maji yaliyo usawa mmoja, na maji yanaukata kwa pembe mraba kwenda upande wa B. Rula na penseli vinatosha. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kufanya hesabu hii, na natamani afanye, kwenye kijiji chake.

Angalia lakini: makosa ya sentimita 40 katika kupima urefu wa mdomo wa bomba yangeweza kuupindisha mshale. Ndiyo sababu tunamsumbua mpimaji arudie, na ndiyo sababu tunachora alama ya wino upande mmoja wa mdomo wa bomba ili kila anayekuja apimie hapo hapo.

Kuchimba kwenyewe si kazi ngumu kuieleza. Kompresa inasukuma hewa, nyundo inavunja mwamba, vipande vinarushwa juu na kupangwa chini kwa mafungu ya kila mita ili mtu aone tabaka zinavyobadilika. Tunaepuka kumimina dawa za kuchimbia au mafuta, maana kesho tutakuja kupima maji hayo hayo. Mtambo huoshwa kabla ya kuhama shimo, na tunaanza na kisima cha juu, kilicho safi, ili tusibebe uchafu wa lundo kuupeleka kwa shahidi wetu.

Kazi yenyewe inaanza shimo likishakwisha. Bomba letu lina upana wa milimita 50. Sehemu ya chini, kama mita 3, ina nyufa nyembamba zilizokatwa kiwandani, na hapo tu ndipo maji yanaporuhusiwa kuingia. Juu yake bomba ni zima hadi nje. Tunashusha polepole, limesimama wima katikati ya shimo, kisha tunamwaga mchanga safi uliochekechwa kuzunguka nyufa, tukipima kila baada ya ndoo mpaka upite nyufa kwa nusu mita hivi.

Halafu bentonaiti. Ni udongo mkavu ulioumbwa kama vikokoto vya kijivu. Ukitia kiganja chake kwenye glasi ya maji unakuta baada ya saa kadhaa umevimba, umejaza glasi, umekuwa kitu kizito chenye utelezi ambacho maji hayapiti. Tunaudondosha taratibu juu ya mchanga, unene wa karibu mita moja, tunaulowesha na kusubiri. Vijana huchoka hapa. Jua ni kali, kompresa imezimwa, hakuna kinachoonekana kufanyika, na mwenye gari anauliza kwa nini tusimwage saruji tuondoke. Nami nasema tukae. Saruji ikiwahi kabla bentonaiti haijavimba, itateremka hadi kwenye mchanga, na maji ya kisima hicho yatasomeka kama yana magadi maisha yake yote.

Kwa nini nashupalia tabaka hilo la kijivu? Kwa sababu kabla hatujaja, kulikuwa na udongo wa mfinyanzi kati ya lundo na maji, pengine umeizuia sumu kwa miaka 20. Sisi ndio tuliotoboa udongo huo. Tusipoziba vizuri pembeni mwa bomba, tumeipa sumu mrija wa kushukia. Kisima kibaya cha uchunguzi kinaleta uchafuzi kilichotumwa kuutafuta, na kisha kinautangaza kama umetoka kwingine. Nikiona kisima chenye bomba lililolegea, linalotikisika ukilisukuma kwa mkono, matokeo yake siyaamini, yawe mabaya au mazuri. Ni kwa sababu hiyo pia hatupitishi shimo katikati ya lundo lenyewe kama hakuna sababu nzito. Tunakaa pembeni.

Juu kabisa ni saruji, kisha jukwaa dogo lenye mteremko ili mvua ikimbie, kifuniko cha chuma na kufuli. Kufuli lile lililomuumiza bibi lipo kwa sababu mtoto mmoja akitia jiwe, au mtu akimimina mafuta machafu ya pikipiki, miaka ya vipimo imekwisha.

Kuna na suala la majira. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili. Maji ya chini hupanda na kushuka kwa mita kadhaa kati ya mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi. Ukichimba Aprili na kuziweka nyufa za bomba pale tu maji yanapoanzia, Oktoba utakuta bomba kavu. Sisi hupenda kuchimba kiangazi, ingawa ni taabu, kwa sababu ndipo unapokiona kina cha mwisho.

Kisima kipya hakipimwi siku hiyo hiyo. Kwanza kinasafishwa kwa kuvuta na kusukuma maji hadi tope la kuchimbia litoke na maji yawe angavu, kisha kinaachwa kipumzike. Na siku ya kuchukua sampuli, maji yaliyolala ndani ya bomba hayafai, yamekaa humo yakikutana na hewa. Mita moja ya bomba la milimita 50 ina karibu lita 2. Kama kuna mita 10 za maji, hizo ni lita 20, na desturi ni kutoa mara tatu yake, lita 60, huku tukipima joto, tindikali na upitishaji wa umeme hadi visome vile vile mara kadhaa mfululizo. Hapo ndipo chupa zinafunguliwa. Ya vyuma huchujwa na kutiwa asidi ya naitriki, ili vyuma visigande kwenye kuta za chupa. Ya sayanaidi hutiwa kinyume chake, magadi makali, kwa sababu asidi ingeigeuza sayanaidi kuwa gesi ya kuua. Chupa hizo mbili mtu akizichanganya, ameharibu sampuli na amejihatarisha mwenyewe. Zote huingia kwenye boksi la barafu na karatasi inayoonyesha nani alizishika, kutoka kisimani hadi maabara.

Matokeo yakirudi, watu hukimbilia mstari wa zebaki na aseniki. Ni haki yao, lakini mimi nasoma salfeti, chumvi itokanayo na salfa, kwanza. Salfeti inayotoka kwenye mawe yenye pairaiti husafiri karibu sawa na maji. Aseniki na madini ya risasi hushikwashikwa na udongo njiani, huchelewa. Salfeti ikianza kupanda kwenye kisima cha chini huku cha juu kimetulia, maji ya lundo yamefika, na vyuma huenda viko nyuma yake. Unao muda wa kufanya jambo. Ukisubiri hadi aseniki ivuke kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 0.01 kwa lita, muda huo umeshautumia.

Na usimhukumu mtu bila kisima cha juu. Ukanda huu, kutoka Singida hadi Shinyanga, una maji yenye floraidi nyingi inayotokana na miamba yenyewe, mahali pengine juu ya kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Aseniki nayo inaweza kuwamo ardhini kabla mchimbaji hajazaliwa. Kisima cha chini kikisoma vibaya na cha juu kikasoma vibaya vile vile, lundo halina kesi hapo, ingawa maji bado hayanyweki. Wanakijiji wanahitaji kujua yote mawili.

Kwa anayetaka kuanzisha jambo hili kijijini kwake: kutoboa kisima kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Nzega na Igunga, ambako maji yanateremkia mito ya Manonga na Wembere, ziko Bonde la Kati. Tabora mjini, Urambo na Kaliua, ambako maji yanakwenda mito ya Igombe, Ugalla na Malagarasi, ziko Bonde la Ziwa Tanganyika. Masuala ya lundo lenyewe yana NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, na Tume ya Madini. Bomba la Ziwa Victoria limefika Nzega, Igunga na Tabora, na ni jambo kubwa, lakini ng'ombe na bustani bado wanategemea maji ya hapo hapo, na kijiji kilicho mbali na bomba kinayanywa.

Nikifika mahali sasa, kabla ya kufungua mtambo, naomba kikao. Naeleza kisima ni cha nini, nani atashika ufunguo, na matokeo yatasomwa wapi, kwa Kiswahili, mbele ya watu. Naomba ufunguo wa pili ukae ofisi ya kijiji, pamoja na daftari.

Kwenye kijiji cha yule bibi nilirudi Aprili, mbuga zimejaa maji na barabara inateleza. Nilianzia kwake. Nikamwomba niruhusiwe kupima kisima chake kifupi pamoja na vyetu, maana hicho ndicho wajukuu wake wanakunywa. Alikaa kwenye ukingo nilipokuwa nashusha tepu. Kengele ikalia. "Imegusa?" akauliza. Imegusa, bibi, mita mbili na sentimita kumi na nne. Akataka tumwandikie kwenye daftari yeye akiona, mstari wa nne, chini ya A, B na C.